Kiti cha Dirishani kutoka Kigali hadi Nairobi: Upande, Bawa na Majira

Uchaguzi wa kiti cha dirishani kwa abiria anayetaka kuiona nchi kutoka angani hutegemea kwanza pembe ya uelekeo, yaani pembe inayohesabiwa kutoka kaskazini, kwa kufuata mzunguko wa mishale ya saa, hadi upande inakoelekea pua ya ndege. Kutoka kiwanja cha Kanombe, Kigali, hadi Nairobi, umbali wa takriban kilomita 750, pembe hiyo ni kama digrii 85, karibu mashariki kamili. Kwa hiyo katika Boeing 737-800, yenye viti sita kwa safu, abiria wa kiti A hutazama kaskazini na yule wa kiti F hutazama kusini.

Kaskazini kuna Ziwa Naivasha, Mlima Longonot na, kwa mbali, Mlima Kenya. Kusini kuna kisiwa cha Ukerewe katika Ziwa Viktoria, kisha nyanda za Serengeti, na hatimaye Kilimanjaro, wenye kimo cha mita 5,895, ambao peke yake unatosha kuupa upande wa kulia ushindi.

Hata hivyo, upande sahihi hautoshi. Ndege inapopita juu ya Maasai Mara, Kilimanjaro hauko ubavuni bali mbele kulia, na husogea kuelekea ubavuni taratibu kadiri Nairobi inavyokaribia. Aliyeketi nyuma ya bawa, akiukodolea macho mlima, huliona bawa lenyewe, kwa sababu mabawa ya 737 yameunganishwa chini ya kiwiliwili cha ndege na kuinuka kidogo kuelekea ncha zake. Anayestahili kiti hicho cha F ni yule aliye mbele ya bawa. Tahadhari moja ndogo: mbele kidogo ya bawa kuna safu ambayo ukuta wake hauna dirisha, kwa kuwa mifereji ya hewa ya kiyoyozi hupita hapo.

Jambo linalosahaulika zaidi ni majira. Kigali iko takriban digrii mbili kusini mwa ikweta, na jua la adhuhuri hupita utosini katikati ya Machi na mwishoni mwa Septemba. Kati ya vipindi hivyo huwa kaskazini, na miezi mingine huwa kusini. Asubuhi ya Desemba, kwa hiyo, jua humpiga usoni abiria wa kulia kutoka upande uleule ulipo mlima, ilhali mwezi Juni humwangazia abiria wa kushoto na kumwachia wa kulia dirisha lenye kivuli. Lakini Juni hadi Agosti ni kiangazi, wakati vumbi na moshi wa mashamba yanayochomwa hufifisha kila kilicho mbali, na kutoka kimo cha mita 10,000 hewa hiyo chafu, pamoja na mawingu, ndiyo huuficha mlima, wala si mviringo wa dunia. Nafasi bora ni siku iliyotanguliwa na mvua, ndege ikiondoka mapema kabla mawingu hayajajikusanya kileleni.

Kwa safari ya kurudi Kigali mpango wote hugeuka: Kilimanjaro huwa kushoto na nyuma, hivyo kiti kifaacho ni A cha safu za mwisho, nyuma kabisa ya bawa, na mlima hutafutwa katika dakika za mwanzo, ndege ikiwa bado inapanda.