Majina ya Vyombo vya Mchoraji: Uhakiki wa Programu ya Inkscape

Picha zichorwazo kwa kompyuta ziko za namna mbili, na aghalabu wafasiri huzichanganya. Namna ya kwanza ni mkusanyiko wa vidoto vya rangi vilivyopangwa safu kwa safu, mfano wa ushanga uliotungwa; picha za kamera ni za namna hiyo. Namna ya pili haihifadhi vidoto bali maelezo: hapa mstari waanza, hapa wapinda kiasi fulani, ndani yake mna rangi nyekundu. Kwa kuwa ni maelezo, picha hiyo yaweza kukuzwa toka kimo cha stempu hadi kimo cha ukuta pasipo kingo zake kuharibika. Hiyo ndiyo picha ya vekta, na ndiyo itumikayo katika nembo, ramani, mabango na vitambaa.

Katika makala haya tunakusudia kuihakiki programu moja ya fani hiyo, Inkscape, iliyoanzishwa mwaka 2003. Illustrator ya Adobe iliitangulia tangu mwaka 1987, lakini hiyo ni ya kulipiwa. Inkscape hutolewa bure, faili zake hufuata kanuni za SVG zilizopitishwa mwaka 2001, na yeyote mwenye ujuzi aweza kuisoma na kuirekebisha. Kwa hiyo shule isiyo na fungu la fedha yaweza kuitumia, na pendekezo la mtumiaji lina mahali pa kupelekwa.

Hoja yetu ni kwamba katika programu ya namna hii jina la chombo ni sehemu ya chombo chenyewe. Seremala aweza kulisahau jina la patasi na bado akaichonga mbao vema, maana patasi i mkononi mwake. Mchoraji aliyekaa mbele ya kiwambo hana cha kushika ila jina na kialama kidogo kando yake. Jina likipotosha, chombo kimepotea.

Tuanze na neno lililo kiini cha programu yote. Umbo lolote la vekta ni mstari upitao penye alama kadhaa, na Kiingereza huuita kwa neno ambalo mfasiri wa haraka ataliandika “njia”. Kosa la tafsiri hiyo halionekani mpaka maelekezo yaandikwe. Mwanafunzi aambiwapo “badili njia” atadhani ametakiwa atumie mbinu nyingine. Na sentensi kama “njia ya kuunganisha njia” haimfai mtu. Twapendekeza “mkondo”. Mkondo una mwanzo na mwelekeo, waweza kuachwa wazi au kufungwa, na ingawa shule hulitumia neno hilo kwa madarasa sambamba, hatuoni mahali ambapo maana hizo mbili zitagongana.

Alama zipitiwazo na mkondo zimezoea kuitwa “nodi”, na sehemu iliyo kati yake huitwa “kipande”. Hapa tumekopa ilhali ghala imejaa. Mkulima wa miwa anayo maneno mawili yaliyo pacha: fundo, na pingili iliyo baina ya fundo na fundo. Hayo ndiyo hasa tuyatafutayo. Tena yanafundishana: ajuaye pingili ni nini hahitaji kuambiwa kwamba mafundo matano ya mkondo ulio wazi hutoa pingili nne. Nodi na kipande havina undugu wa namna hiyo, na “kipande” chaweza kuwa kipande cha chochote.

Pingili ya vekta si lazima inyooke. Hupindishwa kwa hesabu aliyoieneza Pierre Bézier, mhandisi wa kiwanda cha magari cha Renault nchini Ufaransa, katika miaka ya 1960, alipotaka mabati ya gari yaelezwe kwa namba badala ya vielelezo vya mbao. Paul de Casteljau wa Citroën alikuwa ameifikia mwaka 1959, lakini kiwanda chake kiliifanya siri. Katika hesabu hiyo kila fundo laweza kuota vijiti viwili, na mchoraji akikivuta kijiti mstari huufuata mvuto wake. Tumeona vikiitwa “mikono” na “vishikizo”. Mkono haugeuzi mstari, na kishikizo ni cha shati. Mabaharia huita usukani shikio, na kazi yake ni hiyo hiyo: huelekeza chombo bila kuwa sehemu ya safari. Basi na liwe shikio.

Maneno mengine tutayapitia kwa haraka. Rangi ya ndani ya umbo isiitwe “ujazo”, kwa kuwa neno hilo hisabati imekwisha kulichukua; “rangi ya ndani” yatosha. Mstari wa ukingoni uitwe “ukingo”, na mfasiri ajihadhari na kamusi za mashine, ambazo pasipo muktadha zaweza kumpa jina la maradhi ya kiharusi. “Tabaka” ni neno zuri na tusiliguse, ingawa waliosoma siasa zamani watatabasamu wakiamriwa kulificha tabaka la chini.

Lawama ya makosa haya si ya wafasiri peke yao. Wao hupewa faili lenye maelfu ya tungo fupi, nyingine za neno moja tu, na mara nyingi hulifasiri neno wasikiona kitufe kitakachobeba neno hilo. Twapendekeza kila utungo uambatane na picha ya mahali pake. Pia, kwa sasa mtumiaji abadilishaye lugha ya Inkscape hana budi kuifunga na kuifungua upya, na akishafanya hivyo jina la kwanza limetoweka. Mwalimu mwenye kitabu cha Kiingereza na wanafunzi wa Kiswahili anahitaji majina yote mawili kwa pamoja, moja kwenye kitufe na la pili likijitokeza kipanya kikisogezwa juu yake. Hilo lingeisaidia kazi ya usanifishaji kuliko orodha nyingi zilizochapwa, kwa kuwa istilahi ingejaribiwa na mtu aliye kazini.

Yako mapungufu mengine yasiyohusu majina. Wachapaji wengi hudai maandishi yageuzwe kuwa mikondo kabla ya kupelekwa kiwandani, ili fonti isiyokuwepo huko isije ikabadilisha sura ya herufi. Baada ya hapo herufi si herufi tena. Haziwezi kukaguliwa tahajia wala kutafutwa. Tufikirie bango la uchaguzi lililoandikwa “kula” mahali pa “kura”. Kama mchoraji hakuhifadhi nakala ya awali, faili likishafungwa haipo amri ya kuirudishia mikondo ile uherufi wake, atachora upya. Programu ingepaswa kuyaweka maandishi ya asili katika tabaka lililofichwa, kwa hiari yake yenyewe, na kuyarudisha yaitishwapo.

Mchoraji wa kanga ana haja zaidi. Kanga ina mji katikati, pindo pande zote nne, na jina, yaani maneno yake. Inkscape inayo amri ya kurudiarudia pambo kufuata mkondo, na kwenye ubavu ulionyooka hufanya kazi ya kupendeza. Ifikapo penye pembe, pambo hukunjwa: korosho iliyokuwa nzima hutoka imebonyea. Kiwandani pembe haifanywi hivyo. Hupewa pambo lake lenyewe, lililobuniwa kugeuka. Illustrator inayo brashi yenye pambo la ubavuni na pambo la pembeni mbalimbali, na hilo ndilo tungetaka liigwe, pamoja na hesabu ya kurekebisha urefu wa pambo kidogo kidogo ili idadi ikamilike kabla ya kufika pembeni. Amri hiyo ikitungwa, haihitaji jina la kigeni wala kikao cha kamati. Iitwe “pindo”.