Vifaa Vinavyopatana: Mwongozo wa Kuunga Kompyuta ya Mezani, Kirumba

Anayetaka kuunga kompyuta yake mwenyewe huanza na prosesa. "Kaka, nichukue i5 au i7?" Mimi humuuliza kwanza anakaa wapi, nyumba yake ina waya wa athi au haina, na umeme ukirudi baada ya kukatika unarudi vipi: taa zinawaka sawasawa, au zinawaka kwa ukali kisha zinafifia? Nimeunga mashine nyingi hapa Kirumba, Mwanza, za wapiga picha wa harusi, za stationari, za vijana wa studio za muziki, na nilichojifunza ni hiki: kompyuta isiyotulia ni nadra sana kuwa na ugonjwa kwenye prosesa. Prosesa hudumu kuliko karibu kila kitu kilichomo ndani ya kasha. Kinachoua mashine ni umeme mbaya, na vifaa viwili vizuri visivyopatana.

Kwa hiyo tuanzie ukutani. Sisi wa Kirumba na vilima vya jirani tumejenga juu ya mawe. Fimbo ya athi ikikutana na mwamba haizami, na nyumba inabaki na soketi zenye tundu la athi ambalo halijafika ardhini. Dalili yake wengi mnaijua bila kujua jina lake: uko peku, unagusa bati la nyuma la kompyuta, unahisi mtekenyo kama sisimizi anapita chini ya ngozi. Huo ni umeme mdogo unaopita kwenye vichujio vya mashine, ambao ulitakiwa kushuka ardhini lakini haukupata njia. Mashine ya namna hiyo hukuletea USB zinazokatika, spika zinazovuma na bodi inayokufa siku moja bila sababu ya kuonekana. Muite fundi umeme apime athi kabla hujanunua hata skrubu.

Kuna na radi. Ziwa Victoria ni mojawapo ya sehemu zenye radi nyingi zaidi Afrika, na nyingi hupiga usiku, hewa ya baridi kutoka nchi kavu inapokusanyika juu ya maji yenye joto. Zile soketi za kuzuia umeme mkubwa zinazouzwa madukani hutegemea athi ili zitupe umeme huo chini. Pasipo athi hazina pa kuutupa. Na radi ikipiga karibu, hakuna kifaa cha dukani cha kuaminika. Chomoa plagi, chomoa na waya wa intaneti.

Baada ya ukuta inakuja pawasaplai, lile boksi la chuma linalopokea umeme wa volti 230 na kuugawa kuwa volti 12, 5 na 3.3. Hapa ndipo ninapotumia muda mrefu kuliko kwingine kote, na ndipo wanunuzi wengi wanapobana pesa.

Mama mmoja mwenye stationari karibu na uwanja wa CCM Kirumba aliniita. "Mwanangu, hii mashine inajizima kila nikitoa kopi. Wameshabadilisha RAM, wameweka Windows mara mbili." Nikamwamkia, nikakaa pembeni ya mashine, nikamwomba atoe kopi moja. Fotokopi ilipoanza kupasha moto, taa ya dukani ikanywea kidogo, na kompyuta ikajiwasha upya. Nilifungua pawasaplai ikiwa imechomolewa siku nzima, maana kapasita yake kubwa huhifadhi umeme unaoweza kuua, na asiye fundi asiguse humo. Ndani kulikuwa karibu na utupu. Kapasita yenyewe ilikuwa na unene wa kidole cha mtoto, na mahali pa koili za kuchuja umeme waliunga vipande vya waya mtupu.

Kapasita hiyo ndiyo akiba. Umeme wetu huzunguka mara 50 kwa sekunde, yaani mzunguko mmoja ni milisekunde 20, na pawasaplai iliyotengenezwa kwa viwango inatakiwa ibebe mashine takriban milisekunde 16 pale umeme unapoyumba. Ile ya mama haikuweza hata robo ya muda huo. Tulibadilisha pawasaplai, tukahamishia fotokopi kwenye soketi ya laini nyingine. RAM aliyoambiwa mbovu ilikuwa nzima.

Kwa hiyo ukiwa dukani, shika pawasaplai mkononi. Pawasaplai nzuri ni nzito, kwa sababu shaba, feraiti na alumini ya kupoza haviwezi kufanywa vyepesi. Chungulia kwenye matundu ukitumia tochi ya simu: unatakiwa uone koili, mabati ya kupoza, na kapasita iliyonona. Soma maandishi madogo kwenye ngozi ya waya. 18 AWG ni waya wa kutosha, 20 au 22 ni mwembamba, namba ikipanda waya unapungua. Kisha soma lebo, lakini usisome ile namba kubwa. Tafuta mstari wa volti 12 na uone ampea zake. Boksi limeandikwa wati 500, mstari wa volti 12 unasema ampea 18: zidisha, unapata wati 216. Hiyo ndiyo pawasaplai unayonunua, kwa sababu prosesa na kadi ya grafiki karibu hula volti 12 peke yake.

Alama ya 80 PLUS, ya shaba, fedha au dhahabu, hueleza umeme kiasi gani unapotea kuwa joto. Ni alama njema, ila haikuambii kapasita zimetoka wapi wala kinga za ndani zinafanya kazi. Na kwa mitumba ya zamani, angalia kiswichi chekundu nyuma chenye 115 na 230. Kikiwa kimebaki kwenye 115 ya Marekani nawe ukachomeka ukutani kwetu, utasikia mlio mmoja na harufu.

Mashine ikiwaka, pima. Waya wa njano ni volti 12, mweusi ndio wa kurudi. Ipe kompyuta kazi nzito na usome mita: kati ya 11.4 na 12.6 inakubalika kwa viwango. Mimi ikishuka chini ya 11.7 siichukui, kwa sababu itazeeka na itashuka zaidi.

Sasa bodi, ubao mama. Omba uitoe kwenye boksi, uisogeze mlangoni kwenye mwanga. Kama soketi yake ina pini, ondoa kifuniko na uiinamishe taratibu kulia na kushoto. Pini zilizonyooka hung'aa kwa pamoja, mistari kwa mistari, kama mabati mapya ya nyumba jua linapoyapiga. Pini moja iliyopinda hukata mstari huo. Utaona doa jeusi au nukta inayong'aa wakati wenzake wamezima. Ukiona hivyo, rudisha. Muuzaji atakuambia itanyooka kwa sindano. Huenda ikanyooka, lakini wewe si wa kulipia jaribio lake.

Angalia vichwa vya kapasita: viwe bapa kabisa. Kilichovimba hata kidogo kimekwisha. Pitisha jicho kwenye pindo za bandari za USB na matundu ya skrubu. Rangi ya kijani au unga mweupe ni kutu, na bodi iliyokaa mwambao wetu bila boksi hupata kutu hiyo. Hesabu koili za mraba pembeni mwa soketi. Bodi yenye tatu nne zisizo na bati la kupoza imetengenezwa kwa prosesa ndogo ya wati 65, si kwa ile ya wati 125, hata kama soketi inaikubali.

Na hapa ndipo neno "inaikubali" linapodanganya. Niliwahi kununua prosesa ya i5-8400 na bodi ya H110 katika duka moja la mjini. Zote zimeandikwa LGA 1151. Prosesa ilikaa kwenye soketi bila kubishana, feni ikazunguka, kioo kikabaki cheusi. Nilikaa siku mbili nikibadilisha RAM na waya. Ukweli ni kwamba Intel walitumia soketi ya jina hilo kwa vizazi vinne, ila kizazi cha 6 na cha 7 hukaa kwenye chipseti za mfululizo wa 100 na 200, na cha 8 na cha 9 hudai mfululizo wa 300. Umbo moja, mpangilio wa umeme tofauti. Tangu siku hiyo sinunui bodi kwa jina la soketi. Naandika jina kamili la modeli pamoja na toleo lake, nafungua orodha ya prosesa kwenye tovuti ya mtengenezaji, na prosesa isiyokuwamo naihesabu haipo duniani.

Kwa AMD soketi ya AM4 ina mtego wake: bodi za B450 zilitoka kabla ya Ryzen 5000, na zinahitaji BIOS mpya ili ziitambue. Mwombe muuzaji aiwashe uone toleo la BIOS. Soketi ya LGA 1700 nayo ina bodi za DDR4 na bodi za DDR5, na RAM hizo haziingiliani. Pengo lake limehamishwa makusudi. Prosesa ya Intel yenye herufi F mwishoni, kama i5-12400F, haina grafiki ndani, kwa hiyo bila kadi hutaona picha. Vijana wengi wameibeba F kwa sababu ya bei, wakafika nyumbani wakadhani ni mbovu.

Mitumba ya maofisini, Dell na HP, ni mashine imara na mimi huzisifu zikibaki zilivyo. Ubaya ni kuzichanganya. Dell OptiPlex 9020 hutumia plagi ya pini 8 kwenye bodi badala ya zile 24 za kawaida, na HP EliteDesk 800 G1 hutumia pini 6. Ukitaka kuiongezea kadi kubwa ya grafiki, pawasaplai ya dukani haiingii bila adapta. Kwa mashine hizo tafuta kadi isiyo na plagi ya umeme, kama GTX 1050 Ti za kawaida, kwa sababu tundu la bodi lenyewe hutoa hadi wati 75 na kadi hiyo haizidi hapo. Kadi za bei ya kutupa zikaguliwe kwa programu ya GPU-Z. Zipo za zamani zilizobadilishwa jina, na programu hiyo huzitambua nyingi.

RAM nunua mbili pacha, modeli moja, siku moja. Mbili za GB 8 zinazofanana zinatulia kuliko nne za kuokoteza. Diski nitaipita haraka: soma saa ilizofanya kazi kwa CrystalDiskInfo, na ujue kwamba SSD ya M.2 inaweza kuwa ya SATA au ya NVMe, na si kila tundu linapokea zote.

Kuna jambo la kizazi ambalo limebadilisha bei. Msaada wa Windows 10 uliisha tarehe 14 Oktoba 2025, na Windows 11 rasmi hudai Intel ya kizazi cha 8 au Ryzen za mfululizo wa 2000 kwenda juu, pamoja na TPM 2.0. Atakayekuuzia kizazi cha 4 au cha 6 kwa bei ya jana anakuonea. Kwa bei ya leo, ukiweka Linux, bado ni mashine ya heshima kwa barua, hesabu na masomo.

Kasha lisikushughulishe kwa taa zake. Liwe na kichujio cha vumbi mbele kinachotoka kwa mkono, feni ya kuvuta mbele na ya kutoa nyuma. Wadudu wa ziwani wakipanda jioni hufuata mwanga hadi ndani, na nimewahi kufungua mashine iliyokaa chini ya dirisha nikakuta mapezi ya kupozea yamezibwa na tope kavu la wadudu hao. Iweke mbali na dirisha la upande wa ziwa.

Ikishaungwa, usiiingize kazini siku hiyo hiyo. Iache usiku mzima kwenye MemTest86; kosa moja tu, RAM inarudi. Asubuhi ipe kazi ya kuchosha saa moja na uangalie joto la prosesa lisipite nyuzi 85. Halafu izime, iache ipoe, uiwashe. Rudia mara kumi. Mashine inayogoma mara moja katika kumi leo, itagoma mara tano mwezi ujao.

Ninyi mnaouza vifaa Mwanza, ombi langu ni moja. Wekeni dukani meza yenye soketi yenye athi, kioo, kibodi na mita, mteja awashe bodi na prosesa pamoja mbele yenu kabla hajalipa. Na wewe mnunuzi, ukikataliwa kuwasha, nenda duka la pili.