Boila au pampu ya joto: uliza kwanza nyuzi za maji ya rejeta

Anayeuza pampu ya joto atakuambia boila la gesi lina ufanisi wa asilimia 90 na mashine yake ina asilimia 300. Anayeuza boila atakuambia yuniti ya umeme Uingereza inauzwa mara nne ya yuniti ya gesi. Wote wawili wanasema kweli, ndiyo maana mwenye nyumba wa Leicester au Reading anaweza kumaliza kiangazi kizima akiwa na makadirio mawili mezani, asijue ashike lipi. Kwenye makaratasi hayo mara nyingi inakosekana namba moja: siku ya baridi kali, maji yanayokwenda kwenye rejeta za ukutani yatakuwa na nyuzi ngapi?

Aliyewahi kuishi Dar es Salaam au Mombasa na kiyoyozi ameshaiona pampu ya joto. Ukipita nyuma ya lile boksi la nje unapigwa na hewa ya moto, na moto huo umetolewa chumbani. Uingereza mzunguko huohuo umegeuzwa: boksi la nje linanyonya joto la hewa ya uani na kulipeleka ndani kwenye maji. Watu huuliza, hewa ya nyuzi sifuri ina joto gani la kunyonywa? Inalo, ikiwa kinachonyonya ni baridi zaidi. Propani, ambayo siku hizi inatumika kwenye pampu nyingi mpya, huchemka kwenye nyuzi 42 chini ya sifuri kwa mgandamizo wa kawaida wa hewa. Kwenye koili ya nje inageuka mvuke, kompresa inaukandamiza hadi unapata moto, unakabidhi moto huo kwa maji ya nyumba na kurudi kuwa kimiminika, kisha kimiminika hicho kinapita kwenye vali ndogo inayokishusha mgandamizo na safari inaanza upya. Umeme hapo haugeuzwi kuwa joto kama kwenye hita ya waya. Unalipa nauli ya kulibeba tu.

Jambo lenyewe si geni. William Thomson, aliyekuja kuitwa Lord Kelvin, aliandika wazo hili mwaka 1852. Huko Norwich, mwaka 1945, mhandisi John Sumner alipasha jengo la idara ya umeme ya halmashauri kwa joto la maji ya mto Wensum, akitumia vipuri vya kuokoteza wakati wa vita. Mashine yake ilirudisha zaidi ya yuniti tatu za joto kwa kila yuniti ya umeme. Kisha gesi ya Bahari ya Kaskazini ikaingia, na kati ya 1967 na 1977 nchi nzima ikabadilishiwa vifaa nyumba kwa nyumba ili itumie gesi hiyo. Kwa bei ile, nani angehangaika na mto?

Sasa turudi kwenye nyuzi. Kompresa hulipwa kwa mwinuko. Kupandisha joto kutoka nyuzi 0 za nje hadi maji ya nyuzi 35 ni kazi ndogo, kulifikisha 55 ni kubwa zaidi. Kwa makisio ya mafundi, kila nyuzi moja unayopunguza kwenye maji inakurudishia kama asilimia 2 hadi 3 ya umeme. Kwa hiyo ufanisi unaosomwa kwenye kijitabu cha mashine haukuambii mengi mpaka ujue itasukuma maji ya joto gani, na hilo linaamuliwa na rejeta zako pamoja na kuta zako.

Chukua rejeta moja ya sebuleni iliyoandikwa wati 1,500. Kiwandani imepimwa maji yake yakiwa na wastani wa nyuzi 70 ndani ya chumba cha nyuzi 20, yaani tofauti ya 50. Ipelekee maji ya 45 yanayorudi yakiwa 40. Wastani ni 42.5, na tofauti na chumba inabaki 22.5. Utadhani itatoa chini kidogo ya nusu ya wati zake. Itatoa theluthi moja na ushee, kama wati 530, kwa sababu joto la rejeta hushuka kwa kasi kuliko tofauti ya nyuzi inavyoshuka. Kama sebule hiyo inapoteza wati 500 usiku wa barafu, rejeta ileile ya zamani inatosha na hakuna cha kung'oa. Kama inapoteza 900, ama unabandika rejeta nene zaidi, ama unaziba dari na madirisha, ama unapandisha maji hadi 55 na kulipia umeme wake miaka yote ya mashine. Hesabu hii inatakiwa ifanywe chumba kwa chumba. Fundi anayetoa bei bila kuingia chumba cha watoto na futi yake anabahatisha, na anabahatisha kwa hela yako.

Kubahatisha kwenyewe kuna njia inayopendwa: kusoma kibati cha boila la zamani. Kimeandikwa kilowati 24 au 30, basi fundi anatafuta pampu kubwa kuliko zote dukani. Lakini boila la kombi, lile lisilo na tangi, halikuwekewa kilowati 24 kwa ajili ya rejeta. Limewekewa kwa ajili ya bafu. Lita 10 za maji kwa dakika, zikipandishwa kutoka nyuzi 10 hadi 45 zikiwa zinapita bombani, zinataka kilowati 24 papo hapo. Nyumba yenyewe haihitaji kiasi hicho. Michael de Podesta, mwanafizikia aliyefanya kazi National Physical Laboratory, alitoa kipimo cha haraka cha kutumia bili: chukua yuniti (kilowati-saa) za gesi za mwaka mzima, gawa kwa 2,900, utapata kilowati ambazo nyumba inazihitaji siku ya baridi. Nyumba inayotumia yuniti 11,500, kiwango ambacho mwaka 2025 mdhibiti wa nishati Ofgem alikichukua kama cha kaya ya kawaida, inaangukia kilowati 4. Ukiifungia pampu ya 12 itawaka na kuzima siku nzima, na kompresa haipendi kabisa maisha hayo.

Tuipigie hesabu nyumba hiyohiyo. Kwa kikomo cha bei cha mwishoni mwa 2025, yuniti ya gesi ilikuwa karibu peni 6.3 na ya umeme karibu peni 26. Gesi ya mwaka ni pauni 725. Ongeza tozo ya kila siku ya mita ya gesi, kama peni 34, inafika pauni 849. Boila likifanya kazi kwa asilimia 85, nyumba imepokea yuniti 9,775 za joto. Pampu inayorudisha 2.8 kwa moja itakula umeme wa pauni 908, kwa hiyo umepoteza. Inayorudisha 3.5 itakula wa pauni 726, na umeokoa zaidi ya pauni 120. Mashine inaweza kuwa ya kampuni ileile na bei ileile. Pauni 180 zinazotenganisha namba hizo ziko kwenye mabomba na rejeta. Na tozo ya mita haifutiki mpaka gesi ikatwe kabisa, hapo mjadala unahamia jikoni, maana wapo wasiokubali kupika chapati bila kuuona moto.

Ile 2.8 sikuichagua hovyo. Serikali ya Uingereza iligharamia jaribio la kufunga pampu kwenye nyumba 742 za aina mbalimbali, nyumba za zamani zikiwemo, na pampu za hewa zilipata wastani wa karibu 2.8 kwa mwaka, zikishuka hadi karibu 2.4 siku za baridi kali zaidi. Jaribio halikupata aina ya nyumba isiyofaa kabisa. Kwa hiyo hoja kwamba mashine hizi hugoma kwenye baridi tuiache. Norway kuna baridi kuliko Uingereza na pampu zimejaa. Ila Norway haina mtandao mkubwa wa mabomba ya gesi majumbani, na umeme wake wa maporomoko kwa miaka mingi umekuwa nafuu. Pampu ya Uingereza inashindana na gesi ya bei chini, ndiyo maana kule uzembe wa fundi unaonekana mapema kwenye bili.

Kuna mambo mengine ya kukagua kabla ya kusaini. Tangi la maji moto la lita 200 linahitaji mahali pa kukaa, na nyumba nyingi zenye kombi zilishageuza kabati la tangi kuwa stoo. Mabomba membamba ya milimita 8 au 10, yaliyopendwa miaka ya 1970 na 1980, yanaweza kushindwa kupitisha maji mengi ambayo pampu inayahitaji. Majira ya baridi ya Uingereza, nyuzi 2 au 3 na unyevu tele, huifunika koili ya nje kwa barafu, na kila baada ya muda mashine inageuza mzunguko ili iyeyushe. Ukiona mvuke unafuka uani si kwamba inaungua. Halafu mazoea. Aliyezoea kuwasha boila saa moja asubuhi na saa moja jioni ataiona pampu ni ya kivivu. Inataka kuachwa iende polepole, na kihisi cha nje kikishusha joto la maji kila hali ya hewa inapolegea.

Ajabu ni kwamba boila nalo linataka maji ya chini. Tangu Aprili 2005 maboila mapya England hutakiwa, isipokuwa kwa sababu maalumu, kuwa ya aina inayovuna joto la mvuke kwenye moshi wake, na mvuke huo haugeuki maji vizuri mpaka maji yanayorudi yawe chini ya nyuzi 55 hivi. Mengi yameachwa kwenye 75 au 80 tangu siku ya kufungwa, kwa hiyo ile asilimia 90 ya kwenye tangazo haionekani nyumbani.

Hapo ndipo lilipo jaribio lisilogharimu kitu. Siku ya barafu, kama una kombi, shusha maji ya rejeta hadi 55, kisha 50, uiache nyumba siku nzima. Mwenye tangi la maji moto aulize kwanza fundi, maana tangi linahitaji kufika 60 ili bakteria wa legionela wasizaliane. Vyumba vyote vikibaki na joto, nyumba yako iko tayari kwa pampu, na ruzuku ya pauni 7,500 inayotolewa England na Wales tangu Oktoba 2023 ina mahali pa kwenda. Chumba kimoja kikibaki baridi, umeshajua rejeta ya kubadilisha. Nyumba nzima ikipoa, na boila lina miaka minne tu, mimi nisingeling'oa. Ningeziba dari kwanza, nikaliacha boila kwenye 60, nikatumia muda huo kuongeza rejeta moja moja.

Mpangaji hana uamuzi huu, wa mwenye nyumba ndio, lakini kitufe cha nyuzi hata yeye anaweza kukigusa. Na mwenye kununua pampu adai mkataba uandike joto la maji lililokusudiwa nje kukiwa na nyuzi 2 au 3 chini ya sifuri. Ikiandikwa 45, muulize fundi amefikaje hapo. Ikiandikwa 55, omba bei ya pili yenye rejeta kubwa zaidi, uzilinganishe kwa umeme wa miaka 15.