Kasri Lisilo la Mfalme: Uhakiki wa Kitabu «Palestinian Walks»

Kitabu hiki cha Bwana Raja Shehadeh, mwanasheria wa Ramallah na mmoja wa waasisi wa chama cha haki Al-Haq (1979), kilitolewa London mwaka 2007, na mwaka uliofuata kikapata tuzo ya Orwell. Chaeleza matembezi sita, la kwanza la mwaka 1978, katika vilima vya Ukingo wa Magharibi, nchi iliyotwaliwa na majeshi ya Israeli mwaka 1967.

Msomaji wetu atavutwa kwanza na maneno mawili. Sarha, kwa asili, ni kuwafungulia wanyama asubuhi wakajilishe watakako. Kisha likawa jina la kutembea kwa mtu asiyefungwa na njia wala saa. Sisi tuna kutembea, ambako hakusemi lolote juu ya uhuru, na kuzurura, ambako kuna lawama ndani yake. Qasr ndilo kasri letu, nyumba ya mfalme. Lakini vilimani humo ni kijumba cha mawe ambamo mkulima aliweka mazao, akalala juu ya dari yake. Mfasiri asipoeleza hayo, atampa mkulima jumba la sultani, na msomaji hatatambua ni mali ya nani iliyopotea.

Nilipokisoma mara ya kwanza niliona sheria imezidi. Mara tumo bondeni, mara tumo katika mabishano ya hati. Nilidhani mwanasheria amemnyang'anya mtembezi kalamu. Niliporudia, nikaona kosa ni langu. Vilima hivyo havikuondoka kwa bunduki peke yake, bali kwa karatasi pia: kwa kuitegemea sheria ya Waturuki ya mwaka 1858, mashamba yasiyosajiliwa yalitangazwa kuwa ardhi ya serikali, kisha yakajengwa makazi ya walowezi na barabara zao. Mwandishi ambaye angeziacha karatasi hizo angetupa majonzi pasipo sababu.

Katika sura ya mwisho akutana na kijana mlowezi ambaye naye avipenda vilima vile vile. Wabishana, kisha wavuta buruma pamoja. Wako watakaoita huo upatanisho, mimi siuoni. Mapenzi ya kijana yule ni ya kweli, na mwandishi hayakani. Lakini moshi ukiisha, mmoja bado ana njia na mwenziwe hana.

Kitabu hiki chastahili kufasiriwa kwa Kiswahili. Ashauriwe mfasiri aliache neno sarha kama lilivyo.