Kijana na Chuo cha Sanaa

Kijana aliyejaliwa kipaji cha ngoma au maigizo huuliza kwanza: chuo kipi chatoa cheti kikubwa? Swali hilo ni pungufu. Chuo cha Sanaa Bagamoyo, kilichoanzishwa mwaka 1981 na kuwa Taasisi ya Sanaa na Utamaduni mwaka 2007, hukazia vitendo. Chuo Kikuu cha Dar es Salaam huongeza nadharia. Vyote vyafaa. Lakini ngoma iliyotolewa unyagoni ikafupishwa kwa ajili ya jukwaa hupoteza sehemu ya maana yake. Basi, ndugu msomaji, mwanao na aulize: nani atanifundisha kuipiga, na nani atanieleza kwa nini hupigwa? Chuo kisichoyajibu yote mawili huzaa mchezaji, hakizai msanii.