Pangaboi la Saigon

Marehemu baba alikuwa fundi feni hapa Majengo, Dodoma, mji wenye upepo wa bure. Filamu za zamani alitazama feni tu. Wavu wenye nafasi ya kupitisha mkono, mapanga ya shaba: “Hiyo ni ya kabla ya Vita ya Pili.”

Apocalypse Now (1979) ilimshinda. Coppola anatuonyesha pangaboi la hotelini likizunguka juu ya Willard, huku tukisikia helikopta. Chapa haionekani. Baba aliita uzembe. Mimi naona ndipo tukio linapotisha: kifaa cha kupoza chumba kimegeuka silaha, na hakuna aliyegusa hata skrubu.

Tulibishana mpaka umeme ukakatika. Pangaboi letu likaendelea kidogo gizani, kimya, kisha likasimama.