Shule, Skuli na Chuo: Neno Moja la Ulaya Mikononi mwa Wafasiri Wetu

Miongoni mwa maneno ambayo mfasiri huyapita bila kuyatazama mara mbili ni neno shule. Lafahamika kwa kila mtu, nalo limeandikwa katika vibao vya barabarani tangu Kinondoni hadi Temeke. Katika makala haya tunakusudia kuonyesha kwamba mazoea hayo ndiyo yanayozaa tafsiri zenye kasoro.

Asili ya neno ni Kiyunani. "Skholē" ilikuwa na maana ya wasaa, yaani muda ambao mtu hakubanwa na kazi. Baadaye ikawa na maana ya mazungumzo ya kielimu yaliyofanywa katika wasaa huo, na mwisho mahali pa kufundishia. Kilatini kikalichukua kwa umbo la "schola", na kutoka hapo likaenea Ulaya: Waitalia husema "scuola", Wahispania "escuela", Wafaransa "école", Wajerumani "Schule" na Waingereza "school".

Kwetu neno hili liliingia kwa milango miwili. Bara lililetwa na Wajerumani, ambao kabla ya utawala wao kukoma katika Vita Kuu ya 1914 hadi 1918 walifungua shule za serikali zilizofundisha kwa Kiswahili. Zanzibar, iliyowekwa chini ya himaya ya Waingereza mwaka 1890, ikapata skuli. Yafaa ikumbukwe kwamba Kiswahili sanifu kilijengwa juu ya Kiunguja, na hata hivyo umbo lililoenea zaidi katika neno hili ni lile la bara. Kwa hiyo skuli si kosa la matamshi, bali ni umbo lenye historia yake. Mfasiri wa Dar es Salaam anayegeuza Skuli kuwa Shule katika jina rasmi la Zanzibar hafasiri, bali anabadili jina la watu.

Kasoro kubwa zaidi imo katika maana. Wapo wanaodhani kwamba kila "school" ya Kiingereza ni shule. Hao ndio wanaotuandikia "shule ya mawazo", ilhali Kiswahili kina mkondo wa fikra. Katika fikihi tunayo madhehebu, nao watu wa pwani, ambao wengi wao ni wa madhehebu ya Shafii, hawajapata kuyaita shule. Ama "school" ya samaki, hiyo haina nasaba na Kiyunani hata kidogo. Ilitoka katika Kiholanzi cha zamani kwa maana ya kundi, na kundi ndiyo tafsiri yake. Kwa upande mwingine, Chuo Kikuu cha Dar es Salaam kilifanya vema kuita kitengo chake Shule Kuu ya Biashara, kwani neno "kuu" linamwondolea msomaji shaka.

Neno chuo nalo lataka uangalifu. Zamani lilikuwa na maana ya kitabu, na pia mahali pa kusomea Kurani. Mzee wa Mbagala akisema mjukuu wake yuko chuoni, huenda anakusudia madrasa. Karani wa Kinondoni akisema hivyo hivyo, huenda anakusudia chuo cha ualimu. Ndiyo maana mwanachuoni ni mtaalamu wa elimu ya dini, na mwanachuo ni mwanafunzi tu.

Tuchukue mfano wa dodoso linalouliza: "Je, mtoto anahudhuria shule?" Mzazi ambaye mwanawe anasoma madrasa pekee atajibu hapana. Jirani yake, mwenye mtoto katika darasa la chekechea mtaani, atasita. Mwandishi wa dodoso atakusanya majibu ya maswali mawili au matatu akidhani ameuliza moja, na mipango ya madarasa itajengwa juu ya hesabu hiyo.

Kwa maoni yetu, mfasiri hana budi kuuliza kwanza: mahali hapa panafundishwa nini, nani anafundishwa, na wenyeji wanapaitaje? Asili ya neno hutueleza lilikotoka. Maana yake hatuna budi kuitafuta kwa wanaolitumia.